Mlango wa Longonot

Chumba cha mitambo pale Nakuru kilikuwa baridi kiasi kwamba tulivaa sweta hata Januari, wakati nje vumbi linazunguka na jua linachoma lami. Ndani mlikuwa na sauti moja tu, mvumo wa feni. Baada ya wiki mbili kazini sikuusikia tena kwa masikio, niliuhisi kwenye meno. Saa nane mchana, githeri ikiwa tumboni, nilikuwa nikifumba macho kidogo na kujiona nimelala ubavuni mwa mnyama mkubwa anayepumua pole pole.

Mnyama huyo alikuwa kompyuta kuu ya chama chetu cha wafugaji, mtambo wa zamani wenye ukubwa wa kabati mbili za nguo. Kazi yake ilikuwa kutunza koo za ng'ombe. Kila ndama aliyezaliwa kwa mwanachama alipewa namba, akaandikwa mama yake na baba yake. Lakini mtambo wetu haukubeba kila kitu. Kituo cha Bahati kilikuwa na kompyuta yake iliyoandika ng'ombe wa Bahati, Naivasha vivyo hivyo, na Longonot pia. Nakuru ilikuwa katikati ikiwaunganisha. Ndama akizaliwa Bahati na baba yake ameandikwa Longonot, kompyuta ya Bahati inauliza, yetu inapeleka swali, jibu linarudi kabla mfugaji hajamaliza kufuta matope kwenye gambuti.

Mimi niliajiriwa kutunza mawasiliano ya vituo hivyo. Aliyenifundisha kazi alikuwa mama mmoja aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Wote tulimwita Madam. Alikuwa mjane, binti wa fundi wa reli aliyetoka magharibi akaja kufanya kazi Nakuru na hakurudi tena. Alikuwa anafika kabla ya kila mtu, saa moja asubuhi, na chupa yake ya chai na shuka ya kimasai ya kujifunika magoti.

Sisi tuliosoma chuo tulisema poti. Madam alisema mlango.

"Mashine moja ina milango maelfu," aliniambia siku yangu ya kwanza, "na kila mlango una namba. Mingi imefungwa. Kazi yako ni kujua upi uko wazi, nani anabisha na nani anasikiliza. Mmoja akibisha mlango wa pili na mwenzake amekaa nyuma ya mlango wa tatu, watakaa hivyo hivyo mpaka Yesu arudi."

Sijawahi kusikia mwalimu wa chuo akilieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Miezi michache baadaye bosi wetu alirudi kutoka kwenye semina ya usalama wa mitambo akiwa na karatasi mkononi. Namba zote za milango kati ya vituo zibadilishwe, kwa sababu zimekaa miaka mingi na kila mtu anazijua. Na mlango wowote usiopitisha data za ng'ombe ufungwe. Kazi hiyo akanipa mimi, wiki moja.

Nilianza kwa kuandika milango yote iliyo wazi. Nilikaa mbele ya skrini siku tatu nikiangalia namba zikipanda, hadi zikaanza kunifuata nyumbani. Nikilala, niliwaona ng'ombe wakitoka kwenye ukungu upande wa Menengai, mmoja mmoja, bila haraka, kila mmoja na namba ya mlango kwenye hereni ya sikio. Mimi nilikuwa nimesimama langoni na kalamu, na wote walipita bila kunigusa. Haikuwa ndoto mbaya. Niliamka nikiwa nimepumzika.

Siku ya tatu niliona kitu ambacho sikukielewa. Kati ya Nakuru na vituo vingine palikuwa na mlango mmoja mmoja, lakini kati ya Nakuru na Longonot palikuwa na miwili. Wa kwanza ulipitisha data kama kawaida. Wa pili ulifunguliwa kila asubuhi ya kazi, muda mfupi baada ya saa moja. Ulipitisha herufi chache kwenda, herufi chache kurudi, kisha kimya hadi kesho yake. Hakuna namba ya ng'ombe hata moja iliyowahi kupita hapo.

Nilimwuliza Madam.

"Huo ni wa majaribio," alisema.

"Majaribio ya nini?"

"Ya kujua kama laini iko hai."

"Lakini siku hizi kuna programu inafanya hivyo yenyewe, Madam."

Alijimiminia chai, akakoroga muda mrefu ingawa hakuwa ameweka sukari. "Basi kama kuna programu, funga."

Alisema vile mtu mwenye njaa anavyosema ameshiba. Nilisikia, lakini nilikuwa na karatasi ya bosi na siku zilikuwa zinaisha.

Jumamosi tulibadilisha. Nilikuwa nimewatumia maopereta wa vituo vyote karatasi yenye namba mpya, kila mmoja aziingize upande wake saa nne kamili, nami niingize upande wangu. Bahati iliitikia mara moja. Naivasha ilikataa, na nilitumia saa nzima kwenye simu na opereta wa huko, kijana mcheshi aliyekuwa akiimba akingoja, kabla hatujagundua kosa. Mtambo wake ulikuwa umewekwa usikilize, na wangu pia nilikuwa nimeuweka usikilize. Yote miwili ilikuwa imekaa ikingoja kuitwa. Nikauambia wangu uwe ndio wa kuita, na Naivasha ikaamka.

Longonot haikuhitaji simu, na ilikuwa bahati nzuri, maana opereta wa Longonot alikuwa haongei kwenye simu. Ukipiga, inainuliwa, unasikia mtu anapumua, kisha inakatwa. Ofisini walisema ana maringo. Kazi yake lakini ilikuwa safi. Saa nne kamili namba zake zilikuwa zimekaa bila kosa hata moja.

Mwishoni nilifunga ule mlango wa pili. Ni kitufe kimoja tu. Madam alikuwa amesimama dirishani akiangalia magari barabarani, na hakugeuka.

Jumatatu niliwahi kazini kwa sababu nilitaka kuona kama namba mpya zimevumilia usiku mbili. Nilimkuta Madam mbele ya skrini, shuka magotini, mikono miwili juu ya kibodi. Alikuwa ameandika maneno mawili, na mtambo ulikuwa umeyakataa. Maneno yenyewe yalikuwa: *Mlima uko?*

Nilisimama nyuma yake na mkoba begani. Hakuyafuta.

"Siku walipovuta laini ya kwanza kwenda Longonot," alisema, "kitabu kilisema tutume maneno yoyote kujaribu. Mimi sikujua niandike nini. Nikakumbuka nilipokuwa mdogo tulipita pale kwa treni na baba. Aliniahidi ataniamsha nione mlima. Akaniamsha, na hakukuwa na mlima, kulikuwa na mawingu tu. Nililia mpaka Naivasha. Sasa nikaandika hivyo, mlima uko. Nikajibiwa, uko, lakini haujavua kofia."

"Ni yule opereta?"

"Ni yeye. Kesho yake nikauliza tena. Tumeendelea hivyo zaidi ya miaka kumi. Siku zingine anasema hauko, siku zingine anasema umelala. Mume wangu alipokufa, niliporudi kazini niliuliza kama kawaida, akajibu, leo mlima unakungoja wewe. Hajawahi kusema lingine kuhusu jambo hilo."

"Mbona hukuniambia, Madam? Nisingefunga."

"Ningekuambia nini? Kwamba mtambo wa wafugaji unabeba salamu za watu wazima?"

"Hata namba yake ya simu hukuwahi kuomba?"

"Mtu anayekata simu ya ofisi, nimwombe yake? Angefikiri nataka kitu." Alikunja shuka yake mara nne. "Na mimi sikuwa nataka kitu."

Saa tatu ilipofika Longonot ikapotea. Skrini iliandika kwamba kituo hakijibu. Nilijaribu mara tano. Nilipiga simu, ikainuliwa, nikasikia pumzi.

"Hallo? Ni Nakuru hapa. Mtambo wenu umezimika?"

Pumzi tena, ya haraka. Kisha ikakatwa.

Muda si muda opereta wa Bahati naye akapiga. "Kuna mama hapa hataki kuondoka mpaka ajibiwe," alisema, akampa simu mama mwenyewe.

"Mtamba wangu yuko kwa joto tangu alfajiri," mama huyo alisema. Nyuma yake nilisikia kuku. "Daktari wa mifugo atarudi jioni kumpandisha, na mbegu aliyo nayo kwenye mtungi ni ya fahali mmoja tu. Huyu mtamba nilimnunua Longonot akiwa ndama. Nataka kujua baba yake ni nani kabla ya jioni. Kompyuta ya hapa inasema ngoja, ngoja. Nimengoja."

Bosi alipopata habari alinipa funguo za pikapu bila kuuliza mengi. Madam alikuwa tayari amevaa koti.

"Nakuja nawe," alisema.

Niliendesha mimi. Asubuhi ile bonde lote lilikuwa limejaa mwanga mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na vitu vilijitokeza taratibu: kwanza miti ya migunga yenye mashina ya manjano, kisha ziwa Elmenteita upande wa kulia, bapa, bila mstari kati yake na anga. Pundamilia wawili walikuwa wamesimama karibu na barabara pale Gilgil, wamewekeana vichwa mgongoni. Hakuna aliyewashangaa. Nilihisi kana kwamba gari limesimama na nchi ndiyo inayopita, ikijikunjua bila haraka. Nilifikiri Madam amelala, lakini tulipoipita Naivasha na mabanda yake ya maua yanayong'aa alisema, "Kama ana maringo, tutarekebisha mtambo, tutakunywa maji, tutarudi." Baada ya kama kilomita tano akaongeza, "Hata kama hana."

Kituo cha Longonot kilikuwa nyumba ya mabati iliyopakwa rangi ya kijani, hatua chache kutoka reli. Mtu aliyefungua mlango alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mvi fupi na shati lililopigwa pasi hadi likasimama. Mimi nilikuwa nimejiandalia maneno makali kidogo njiani. Aliufungua mdomo kutukaribisha, na neno halikutoka. Lilikwama. Shingo yake ilikaza, macho yakafumba, mkono wake ukagonga paja mara tatu, ndipo likatoka, "Ka... ka... karibuni."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Zile simu zote. Ile pumzi.

Nilimtazama Madam na nikaona akihesabu miaka kinyumenyume.

"Asante," alisema. "Mimi ni Nakuru."

Yule mzee alijaribu kujibu. Ilichukua muda, na mimi kwa wema wa kijinga nilifungua mdomo nimsaidie kumaliza. Madam alinishika mkono, akanibana kidogo, bila kuondoa macho kwa yule mzee. Tukangoja. Treni ya mizigo ingeweza kupita tukiwa tumesimama pale.

"Na... na... najua," alisema.

Ndani alituvutia viti, kisha akaketi kwenye kibodi, na hapo akawa mtu mwingine kabisa. Vidole vilikimbia. Aliandika ili mimi nisome: *Asubuhi mlango wa salamu ulikataa. Nikajua nimekosea namba zote siku ya Jumamosi. Nikarudisha za zamani ili nisiharibu kazi ya watu. Nimejaribu kupokea simu, mnisamehe.*

Nilisoma mara mbili. Kumbe Nakuru ilikuwa inabisha mlango mpya, naye amekaa nyuma ya ule wa zamani akisikiliza kwa bidii, akijilaumu.

"Hukukosea, mzee," nilisema. "Namba zako zilikuwa sawa. Mlango ule niliufunga mimi. Sikuuliza vizuri."

Aligeuka kunitazama. Nilitegemea hasira, na ningeipokea.

"Po... pole," alisema. Alinipa pole mimi.

Niliketi mahali pake nikaanza kurudisha namba mpya. Si kazi kubwa: unaandika mlango wa kusikilizia, unaandika anuani ya mwenzako, unahifadhi, unazima mtambo na kuuwasha upya. Mtambo wa Longonot ulichukua karibu dakika ishirini kuamka. Wao wawili walitoka nje. Niliwaona kupitia dirisha wamesimama kando ya ua wa michongoma, na mbele yao mlima wote, makorongo yake yote, umekatwa juu na wingu moja pana.  Madam aliinua mkono akaonyesha kitu, labda njia ya watalii inayopanda hadi ukingoni, na yule mzee akatikisa kichwa. Upepo ulichukua shuka ya Madam, akaishika. Joto la mabati lilinilevya, na nusu yangu ilikuwa usingizini. Niliwaona wakiwa mbali sana, kama watu waliosimama ndani ya maji tulivu.

Kisha skrini ikasema Nakuru imepatikana.

Niliuliza swali la mama wa Bahati mimi mwenyewe. Jibu lilikuja sekunde ile ile. Nikampigia simu nikamsomea namba ya baba wa mtamba wake, tarakimu kwa tarakimu, na yeye akawa anairudia kwa sauti. Alipomaliza nilisikia akikunjua karatasi.

"Mama?"

"Ni huyo," alisema. "Ni huyo huyo aliye kwenye mtungi wa daktari. Mungu wangu, ningempa mtamba baba yake mwenyewe."

Nilimsikia akimwita mtu, akipiga kelele kwamba daktari apigiwe simu aje na mbegu nyingine. Hakukata simu, aliisahau tu, nami niliendelea kuwasikiliza kuku wake kwa dakika nzima. Jioni opereta wa Bahati alituambia daktari alifika kabla ya giza na mbegu ya fahali mwingine.

Tulikunywa chai ya maziwa aliyotupikia yule mzee kwa jiko la gesi kwenye kona ya ofisi. Walizungumza, Madam na yeye, mambo madogo: mvua, mabomba ya mvuke kule Olkaria, nani bado yuko kazini kati ya watu wa zamani. Kila jibu lake lilichukua muda wake. Niligundua kwamba baada ya kikombe cha pili sikuwa tena nangoja neno litoke. Nilikuwa tu nimekaa pale linapotengenezwa. Tulipoondoka Madam alimwachia chupa yake ya chai. Alisema ameisahau, lakini tulikuwa bado uani aliposema hivyo.

Kesho yake niliandika barua kwa bosi. Niliomba mlango wa pili wa Longonot ufunguliwe tena, kwa namba mpya, ili maopereta waweze kuandikiana pale ambapo simu haifai.

"Simu haifai kwa nini?" bosi aliuliza.

Nilimweleza kuhusu yule mzee. Bosi mwenyewe alikuwa amewahi kumwandikia barua ya onyo kwa kukata simu. 

"Ungeniambia hivyo tangu mwanzo," alisema, akatia sahihi. Sikumjibu kwamba mwanzo nami sikujua.

Madam alistaafu mwaka ule ulipoisha. Sherehe ya kumuaga ilifanyika ukumbini mwa chama, hapo hapo Nakuru, na wafugaji walikuja kutoka kila upande, wengine na maziwa ya mursik kwenye vibuyu. Hotuba zilikuwa nyingi. Mwenyekiti alisema, bosi akasema, mchungaji akaomba kwa kirefu. Mshereheshaji alipouliza kama kuna mwingine, mtu mmoja aliinuka kutoka kiti cha nyuma kabisa, mrefu, na koti la suti lililompwaya. Nilishtuka. Sikujua kama alikuwa amealikwa.

Alitembea hadi mbele akashika maikrofoni. Watu wakanyamaza kumsikiliza, na hakukuwa na cha kusikiliza. Maikrofoni ilibeba pumzi yake katika ukumbi mzima. Mtu fulani akacheka kidogo, akaacha. Mtoto aliuliza kitu, akaambiwa shh. Nilimtazama Madam kwenye meza kuu, shada la maua shingoni. Alikuwa ameweka mikono mapajani na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, wa mtu ambaye hana mahali pengine pa kwenda.

"Huyu mama," yule mzee alisema hatimaye, na kila neno lilikuja peke yake, "a... a... aliniuliza kila siku."

Akarudisha maikrofoni, akaenda kukaa.

 Kisha mama mmoja wa Bahati alipiga kigelegele, wengine wakamfuata, na ukumbi ukavuma. Madam alishuka kwenye jukwaa, akapita katikati ya viti vyote, akavuta kiti cha plastiki, akaketi karibu na yule mzee. Hakurudi meza kuu tena. Ilibidi wampelekee keki huko huko nyuma akaikate.

Siku hizi Madam anaishi Bahati, na ng'ombe wawili na shamba la viazi. Sijamwuliza ni mara ngapi yule mzee huja, wala yeye hajaniambia. Jioni ile ya sherehe niliwaacha pale nyuma wakila pilau, sahani magotini, mvua ikiwa imeanza kwenye mabati na kufunika sauti za watu wote.